Zulia Jeusi la Geita

Kila anayepita hapa barazani kwangu ananiuliza lile lile: Baba Kulwa, ulikwenda Geita, mbona umerudi? Wengine wanauliza kwa huruma, wengine kwa hamu ya kucheka, na yupo mmoja, simtaji, aliyekuja na kigoda chake kabisa ili asikilize vizuri. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nikimpa kichwa, yule mkia. Nimeona heri niandike yote mara moja. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe.

Sababu ya safari mnaijua. Tangu gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe lipite juu ya mguu wangu wa kulia, mguu huo haukanyagi kitu kwa nguvu, na cherehani yangu ni ya miguu miwili. Nilijaribu kwa mmoja. Kila nguo iliyotoka ilikuwa na mshono wa mlevi. Jembe nalo halina subira na kilema. Nikabaki na macho na mikono, na mkono usio na kazi huchoka kuliko wenye kazi.

Ndipo Bwana Kanji, yule Mhindi anayenunua pamba yetu hapa Samuye kila msimu, alipoliona shuka la vipande nililomshonea Mama Kulwa, lenye pembe na meno ya msumeno kwa rangi nne. Aliligeuza mbele na nyuma. Akaniambia kwamba huko Geita, kando ya kiwanda chake cha kuchambua pamba, ameweka mashine ya kufuma mazulia ya katani, mazulia ya kutandika sebuleni kwa Wazungu wa mgodini na kwa Wahindi wa Mwanza. Fundi wake, Mohan, aliyemleta kutoka Bara Hindi, anarudi kwao mvua zikiisha. Anatafutwa mtu wa kufundishwa kubuni nakshi kabla hajaondoka. Ni kazi ya kukaa, akasema, kazi ya penseli.

Mfa maji haishi kutapatapa. Nilimjibu ndiyo kabla hajamaliza.

Samuye mpaka Isaka

Nilipelekwa Isaka kwa mkokoteni wa ng'ombe, chombo kile kile kilichonivunja, nikiwa nimelala juu ya magunia ya mtama kama mtama wenyewe. Mama Kulwa alinifungia matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga na furushi la nyama kavu ya kuwapa watakaonipokea, maana mgeni haendi kwa watu mikono mitupu. Hakulia. Alisema tu nisimkalie fundi kama mkwe, niulize nisichokijua.

Isaka nilitakiwa kulingoja behewa la uzi wa katani kutoka pwani, kisha niondoke na lori litakalouchukua. Behewa halikuwapo. Mtu wa stesheni aliniambia kesho, na siku ya pili akasema kesho tena, kwa sauti ile ile, hata nikaona anayesema si yeye, ni kofia yake. Nilikaa chini ya ukuta wa ghala pamoja na dereva wa lori, Juma, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa maneno mengi na chai nyingi. Mama mmoja alikuwa akituuzia uji wa ulezi usio na sukari.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilianza kuchora nakshi mavumbini kwa kijiti: miraba, mistari, meno ya msumeno. Nafuta, nachora tena. Sikujua kama natazamwa. Mwanamke mmoja alikuja, akavua viatu, akaketi mbele yangu akanisalimu, "Mwangaluka, baba." Nikamwitikia mhola. Akaniuliza ng'ombe wake mwekundu aliyepotea yuko upande gani.

Nilimweleza kwamba mimi si mganga, nachora mazulia. Alidhani ninajipandisha bei. Akaleta kuku. Nikamwapia kwamba sijui lolote, akaniangalia kwa heshima zaidi, maana waganga wakubwa nao husema hawajui. Mwisho Juma, kwa kutaka tuachwe tupumzike, akanyoosha mkono kuelekea Nzega. Yule mama akaenda huko, akaniachia kuku. Juma alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikucheka sana, kwa kuwa nilimwona anavyoondoka amejaa matumaini, na hali yangu haikuwa tofauti na yake.

Isaka mpaka Ushirombo

Behewa lilipofika, marobota yalikuwa ya rangi tano: nyekundu, kijani, buluu, nyeusi, na katani yenyewe isiyotiwa rangi, nyeupe ya maziwa yaliyolala. Niliyagusa yote. Uzi ule ni mgumu, unachubua, lakini rangi zake zilinifurahisha jinsi nisivyowahi kufurahi tangu nivunjike. Nilipanda juu ya marobota, Juma akaondoa lori.

Tulipita Kahama salama. Mbele yake mvua ilitukuta kwenye mbuga, na mnaijua mbuga yetu ikilowa: haikuzuii tu, inakumeza. Lori lilizama mpaka kwenye tumbo. Wanaume wa vijiji vya jirani walikuja na majembe na matawi, wakasukuma wakiimba, na mimi peke yangu nimekaa juu kama chifu kwa sababu ya mguu. Mmoja aliniuliza kwa ukali kama mimi ni mtoto wa mwenye lori. Nilimwonyesha mguu. Akaniomba radhi, na ile radhi ikaniuma kuliko ukali wake.

Turubai lilikuwa na matundu. Maji yaliingia kwenye marobota, na nyekundu ikaanza kutoa rangi ikanitia madoa kwenye kanzu, buluu nayo ikafuata. Nyeusi haikutoa hata tone. Nilisema moyoni, hii ndiyo rangi ya kuaminika.

Tulitoka matopeni njaa imetushika, tukafika Ushirombo jua linashuka. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Paskalina, mjane wa Kisumbwa anayekaa karibu na misheni, ambaye Juma hulala kwake kila akipita. Alitupokea vizuri sana, akatuwekea maji ya kuoga. Nikatoa furushi langu la nyama kavu, nikampa kwa mikono miwili. Alilipokea, akashukuru, akalitundika juu ya jiko. Chakula kilipokuja kilikuwa ugali wa muhogo na uyoga. Nyama haikuwapo.

Nilidhani labda imesahaulika. Nikamkumbusha kwa utani. Akasema, "Leo Ijumaa, baba," kama vile amemaliza kueleza. Sikuelewa. Nilidhani ameona nyama yangu chafu, au amesikia habari za kuku wa Isaka. Nikamgeukia Juma nimpe yeye basi, akatazama pembeni akaniuliza kwa upole nani aliyemchinja ng'ombe. Nikamwambia alichinjwa na mdogo wangu. Akasema asante, ameshiba. Basi zawadi ya mke wangu, iliyosafiri mbali kiasi kile, ilikosa mlaji pale mbele ya watu wawili wenye njaa.

Juma ndiye aliyenieleza baadaye: Wakatoliki hawali nyama siku hiyo, na yeye Mwislamu hali kilichochinjwa na asiye Mwislamu. Hakuna aliyenichukia. Nilimwuliza mtu atajuaje mambo yote hayo. Akasema mtu hukaa na watu. Asubuhi Mama Paskalina aliipika ile nyama kwa karanga, akala nami akaisifu.

Geita

Geita huanza kusikika kabla hujaiona, kwa mdundo wa mashine za mgodi zinazovunja mawe. Watu wa kila kabila wako pale, Wanyakyusa, Wahaya, Waha, Wajaluo, kila mtu na lugha yake na matusi yake. Wanaita kushuka shimoni "kwenda kwa bibi", na akipona mtu jioni wanasema bibi amemrudisha. Nilipewa pembe ya chumba nyuma ya ghala la pamba.

Mashine ya kufuma niliitazama siku nzima ya kwanza bila kuelewa. Ni kitanda kikubwa cha chuma kinachoendeshwa kwa mkanda kutoka kwenye injini ya kuchambulia pamba. Nyuzi za mtande, zile ndefu, zinatandazwa kutoka nyuma kuja mbele. Uzi wa mshindio unapita katikati yake kwenda na kurudi. Ubavuni pana mnyororo wa mbao fupi, na kila ubao umetobolewa matundu kama bao la kucheza. Penye kijiti tunduni, fremu iliyoshika sehemu ya mtande inapanda na kuinua nyuzi zake. Pasipo kijiti, inatulia. Ubao mmoja ni mstari mmoja wa zulia, na mnyororo ukimaliza kuzunguka, nakshi inaanza upya.

Fundi Mohan alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunja mawe, lakini alifundisha kwa moyo. Alinipa karatasi ya miraba: mraba niliotia wino ni kijiti, mraba mweupe ni tundu tupu. Nikachora meno ya msumeno kama ya shuka la Mama Kulwa. Alitazama, akaikunja karatasi ikawa mviringo, mwisho wake ukakutana na mwanzo. Meno hayakukutana. Palikuwa na pengo kama la mtoto wa miaka saba.

"Mashine iko bila huruma," akasema. "Kosa moja wewe, mashine rudia mia."

Nilijifunza. Ndugu zangu, hilo nataka mlijue: nilijifunza. Nilijifunza kuufanya mwisho uujue mwanzo. Nilijifunza kwamba nakshi ya zulia haina juu wala chini, kwa sababu mtu anaiingilia kutoka mlango wowote. Kabla ya kuchora zulia alinilazimisha nichore chumba: mlango uko wapi, dirisha wapi, viti vitafunika nini, wageni watakanyaga wapi. Sijawahi kuingia sebule ya Mzungu, hivyo alinielezea kwa kupanga masanduku ya pamba kama makochi, akaniketisha, akanipa kikombe kitupu ninywe. Nilikunywa. Nilipata heri siku zile, nikaanza kuwaza Mama Kulwa na watoto kuhamia Geita.

Mazulia yangu mawili ya kwanza, ya kijani na nyeupe, yalichukuliwa na watu wa mgodini. Sikuambiwa ni nyumba ipi.

Zulia la harusi

Kisha Fundi Mohan akashikwa na homa, akalala akitetemeka chini ya mablanketi matatu. Wakati huo huo Bwana Kanji alikuja na furaha yake: binti yake anaolewa Mwanza, na anataka zulia la sebule ya maarusi kutoka kwenye mashine yake mwenyewe. Nilimwuliza anapenda nakshi gani. Akasema nichague mimi, alishaona mkono wangu. Liwe tu zulia la heri, la kuifungulia nyumba mpya. Jioni ile akaenda Mwanza kwa mambo ya harusi.

Nilikwenda kumwuliza Fundi Mohan. Alikuwa anaongea na watu wasiokuwapo. Nikarudi, nikakaa mbele ya marobota.

Niambieni, mngechagua rangi gani? Sisi watu ambao ukame ukitushika tunatafuta ng'ombe mweusi wa kuombea mvua. Sisi ambao wingu likipauka tunanuna, likiwa jeusi tunaanza kuimba. Mama mkwe wangu siku ya harusi yangu alivaa kaniki mpya, nyeusi ti, na watu wakasema nyumba hii itashiba. Nikaagiza mtande wote uwe mweusi. Juu yake nikapitisha mistari myeupe ya katani inayoshuka kwa kukatika katika, kama mvua inavyoonekana ikiwa bado mbali, na pembeni nikaweka ukingo wa meno. Nilichora mpaka mwisho ukakutana na mwanzo bila pengo. Waendesha mashine wawili, mmoja wa Kwimba na mwingine wa Nyang'hwale, walipoona kipande cha kwanza kinatoka waliacha kazi wakasimama. Yule wa Kwimba alisema, "Hii ni mbula yenyewe, baba," ndiyo mvua kwetu. Tulifuma kwa furaha. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, na sitatengeneza tena.

Bwana Kanji alirudi na mkewe na binti. Tulilikunjua zulia sakafuni mwa ghala, tukasogea nyuma tukisubiri. Mke wa Kanji alishika mdomo. Akamfunika binti uso kwa ncha ya sari, akamgeuza, wakatoka nje haraka kama watu waliokutana na nyoka. Bwana Kanji alibaki. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Baba Kulwa," akaniambia taratibu, "nani amekufa nyumbani kwangu?"

Sikulielewa swali. Ndipo akanieleza kwamba kwao nyeusi haiingii harusini, haivaliwi na bibi harusi, haitandikwi mbele yake. Ni mkosi, na mkewe tayari anaona mkosi umeshafanyika. Nilimweleza habari ya mvua. Nilieleza kwa pupa, kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma, maana anakijua.

"Hiyo naijua," akasema. "Nimenunua pamba kwenu tangu kabla ya vita. Najua wingu jeusi kwenu ni baraka. Lakini binti yangu haolewi shambani."

Nikamwomba anifundishe rangi zao, nitafuma jingine, jekundu, lolote. Alikaa juu ya robota. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja moyo. Akasema mazulia yake yanakwenda kwa Wahindi, kwa Wazungu, kwa Wagiriki, kwa Waarabu, na kila nyumba ina jambo lake lisiloandikwa popote. Fundi Mohan amekaa katika nyumba hizo. Mimi nitayajuaje, wakati nikienda huko naishia mlango wa jikoni? Zaidi ya hayo mkewe amekwisha kusema mkono wangu usiguse tena uzi mpaka harusi ipite, na Fundi Mohan anaondoka na hao hao wanaokwenda harusini. Hapatakuwa na mwalimu. Ataagiza mtu mwingine kutoka kwao.

Zulia lilikunjwa, likapandishwa juu ya dari ya ghala.

Fundi Mohan alipopata nafuu alikuja mashineni akijishikilia ukutani. Alipanda akalitazama zulia langu huko juu, akashuka. Aliniambia nakshi ni safi, hata yeye hajaifikia, na mkono wangu ni mzuri. "Lakini nyumba ya watu hapana jua wewe," akasema. "Mimi iko na kosa. Mimi fundisha chumba, hapana fundisha mtu." Kisha, kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, aliniomba nimsaidie kuandaa mnyororo kwa nakshi yake ya zamani, yenye maua, kwa zulia jekundu la binti. Ilibidi vijiti vya nakshi yangu vitolewe.

Nilivichomoa mwenyewe. Nilianza na ubao wa kwanza, nikaenda mstari kwa mstari, nikiviweka kwenye debe. Niliijua kila mvua inayokatika. Mwisho mbao zikawa matundu matupu tu.

Kurudi

Nilirudi na lori la Juma. Hakuniuliza neno mpaka Ushirombo, na kwake huko si kidogo. Mama Paskalina alitupikia, nikala nisijue ninachokula. Njia nzima nilijishikilia kwa wazo moja tu: kwamba nilifanya ujinga. Nililishika kwa nguvu, maana ujinga una dawa. Mtu hufundishwa, ukamtoka. Kama ni ujinga wangu mimi, basi ningeweza kukaa na watu kama alivyosema Juma, nikajua, nikarudi kuomba tena.

Nilifika hapa nyumbani mchana. Mama Kulwa alinipokea mzigo, akaniwekea maji na chakula. Nilimsimulia yote huku anachambua majani ya kunde ya kukausha yawe nsansa, mboga ya kiangazi. Nilimsubiri aseme, Baba Kulwa, umekuwa mjinga. Nilikuwa na hamu ya kulisikia neno hilo kutoka kwake, kwa sababu yeye hanifichi. Hakusema. Nikamwuliza mwenyewe: kama ni yeye amekaa mbele ya marobota yale, kwa nyumba mpya ya bibi harusi, angechagua rangi gani?

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Nyeusi," akasema. "Kwani kuna nyingine?"

Akaendelea kuchambua majani. Nililia, ndugu zangu, maana ujinga una dawa na huu haukuwa ujinga, na yeye aliyaacha majani akaja kunishika bega, akiniuliza amesema nini kibaya.